Jinsi ya Kuchagua Kebo na Adapta za Kuunganisha Skrini Mbili: Mwongozo Kamili

Kebo imeingia sawasawa upande wa kompyuta na upande wa skrini, taa ya skrini inawaka, lakini kioo kinabaki cheusi na kuandika kwamba hakuna ishara. Wasomaji wanaotaka kutumia skrini mbili kwenye kompyuta moja hukwama hapo mara kwa mara, na mara nyingi chanzo ni kilekile: kebo ilichaguliwa kwa kutazama umbo la vichwa vyake, bila kuuliza ni ishara gani inayopaswa kupita ndani yake na inatoka upande upi. Kichwa kuingia kwenye tundu hakuthibitishi kwamba picha itapita. Mwongozo huu unaanzia kwenye kompyuta, inakotoka picha, na kuishia kwenye skrini. Nakusihi usinunue chochote kabla ya kumaliza hatua ya tano.

## Vitu vya kuandaa

- Karatasi na kalamu, kwa ajili ya kuchora ramani ya matundu.
- Tochi, ya simu inatosha.
- Jina kamili la modeli ya kompyuta na la kila skrini. Kwa skrini, jina hilo huwa kwenye kibandiko cha nyuma au chini.
- Ukurasa wa mtengenezaji unaoeleza sifa za kiufundi za vifaa hivyo vitatu.
- Utepe wa kupimia.
- Kebo na adapta zote ulizonazo tayari, hata zile unazodhani ni mbovu.
- Vibandiko vidogo vya karatasi au plasta ya karatasi inayoandikika.

## Hatua ya 1: Chora ramani ya matundu

Angaza tochi nyuma na pembeni mwa kompyuta, kisha fanya vivyo hivyo kwa kila skrini. Andika kila tundu unaloliona, hata kama hudhani kwamba utalitumia.

VGA lina umbo la herufi D, vitundu 15 katika safu tatu, na mahali pa skrubu mbili; mara nyingi huwa la buluu. Hubeba ishara ya analogi, yaani volti zinazopanda na kushuka badala ya namba, na halibebi sauti.

DVI ni pana zaidi na kwa kawaida ni jeupe. Tazama mwanya bapa ulio upande mmoja: ukiona vitundu vinne vikiuzunguka, hilo ni DVI-I, linalobeba ishara ya kidijiti na ya analogi pia. Mwanya ukiwa peke yake, hilo ni DVI-D, la kidijiti tu. Tofauti hii ndogo itaamua mambo katika hatua ya nne, kwa hiyo iandike.

HDMI lina pini 19 na pembe zake mbili za upande mmoja zimepunguzwa kwa ulinganifu. DisplayPort lina pini 20 na limekatwa pembe moja tu. Hilo ndilo jambo la kutafuta, kwa sababu kwenye giza la nyuma ya meza matundu haya mawili hufanana mno. Yapo pia madogo: Mini HDMI, Micro HDMI na Mini DisplayPort.

USB-C ni dogo, lina ncha za mviringo, na kichwa chake huingia upande wowote. Hili lina hatua yake peke yake hapa chini, kwa kuwa umbo lake halikuambii lolote kuhusu picha.

*Tahadhari kwa kompyuta za mezani.* Nyuma ya kasha huenda kukawa na matundu ya picha sehemu mbili: juu, karibu na matundu ya USB na ya sauti, ambayo ni ya ubao mama (bodi kuu ya kompyuta), na chini zaidi, katika mstari uliolala, ambayo ni ya kadi ya michoro (kipande cha ziada cha kutengeneza picha). Kama kadi ya michoro ipo, unganisha skrini zote mbili kwenye kadi hiyo. Kompyuta nyingi huzima matundu ya ubao mama mara kadi inapowekwa, na kama prosesa ni ya Intel yenye herufi F mwishoni mwa jina lake, matundu ya ubao mama hayatatoa picha kabisa, kwa sababu prosesa hiyo haina sehemu ya kuchora picha ndani yake.

Umefaulu hatua hii ikiwa mtu ambaye hajaiona kompyuta yako anaweza kuisoma karatasi yako na kukuambia ni tundu gani liko wapi.

## Hatua ya 2: Hakikisha kompyuta inaweza kuhudumia skrini mbili

Idadi ya matundu si idadi ya skrini. Sehemu ya kuchora picha ndani ya kompyuta ina kikomo chake, na kikomo hicho hakiongezwi na adapta ya kawaida. Kwenye ukurasa wa sifa za kiufundi tafuta mstari unaotaja idadi ya juu ya skrini za nje.

Mfano unaowaumiza wengi ni MacBook Air. Yenye chipu ya M1 au M2 hupeleka picha kwenye skrini moja tu ya nje. Yenye M3 huhudumia mbili iwapo kifuniko kimefungwa, na yenye M4 huhudumia mbili hata kifuniko kikiwa wazi. Zote nne zina matundu mawili ya USB-C, na anayehesabu matundu peke yake hawezi kuiona tofauti hiyo.

Hapa ndipo inapopaswa kusemwa wazi kuhusu splita ya HDMI, yaani kisanduku chenye ingizo moja na matokeo mawili. Kazi yake ni kunakili. Skrini zote mbili zitaonyesha kitu kilekile, jambo ambalo ni sawa kwenye ukumbi wa mkutano lakini halikusaidii wewe unayetaka barua upande mmoja na jedwali la hesabu upande mwingine. Hakuna mpangilio wowote kwenye kompyuta utakaoigeuza splita hiyo kuwa skrini mbili zinazojitegemea.

Kifaa kinachoweza kugawa tundu moja kuwa skrini mbili tofauti huitwa kitovu cha MST, na hufanya kazi kwenye DisplayPort kuanzia toleo la 1.2, au kwenye USB-C inayobeba DisplayPort. Baadhi ya skrini zina uwezo huo ndani yake: huingia kebo moja ya DisplayPort, na tundu la kutokea hupeleka picha kwenye skrini ya pili. Katika hali hiyo, washa MST kwenye menyu ya skrini ya kwanza na uizime kwenye ya mwisho. Kumbuka kwamba macOS haitumii MST kupanua eneo la kazi. Kwenye Mac, kitovu cha aina hiyo hutoa nakala tu.

Kama kikomo cha kompyuta yako ni skrini moja ya nje, bado njia ipo: adapta ya USB yenye chipu ya DisplayLink. Hiyo haitumii njia ya kawaida ya picha. Programu yake, ambayo ni lazima uisakinishe, huibana picha na kuipitisha kama data ya kawaida ya USB, kisha chipu iliyo upande wa pili huifungua. Naipendekeza kwa kazi za maandishi, barua pepe na jedwali. Siipendekezi kwa michezo ya kasi wala kwa uhariri wa video, maana prosesa hubeba kazi ya ziada na picha huchelewa kidogo. Tena, filamu zenye ulinzi wa hakimiliki zinaweza kukataa kuonekana.

## Hatua ya 3: Lichunguze tundu la USB-C

Matundu mawili ya USB-C yaliyo sambamba kwenye kompyuta mpakato moja yanaweza kutofautiana kabisa: moja likabeba umeme, data na picha, jingine umeme na data tu. Tafuta alama iliyochorwa kando yake. Herufi D inayokumbatia P huonyesha kwamba DisplayPort inapita humo. Alama ya radi yenye mshale huonyesha Thunderbolt, ambayo hubeba picha pia. Na kifaa cha Thunderbolt 4 kinalazimika kuweza kuhudumia skrini mbili za 4K (pikseli, yaani nukta za picha, 3840 kwa 2160) kwa Hz 60 (picha ikichorwa upya mara 60 kila sekunde). Kama hakuna alama yoyote, usikate tamaa wala usikisie: rudi kwenye ukurasa wa sifa za kiufundi na utafute maneno DisplayPort Alt Mode au DP Alt Mode.

Kebo nayo ina siri yake. Kebo nyingi za USB-C zinazokuja na chaja za simu zina nyaya za umeme na za USB 2.0 tu ndani yake. Zile njia nne za kasi zinazobeba picha hazimo kabisa. Kwa nje huwezi kuzitofautisha. Kwa picha, nunua kebo ambayo maelezo yake yanataja video waziwazi.

Jambo jingine la kujua kabla ya kununua doki (kifaa kinachoongeza matundu kadhaa kupitia tundu moja) ni kwamba zile njia nne hugawanywa. Doki inayotoa USB ya kasi pamoja na picha kwa kawaida huchukua njia mbili kwa data na kuiachia picha mbili. Ikiwa kompyuta yako inatumia DisplayPort 1.2, njia mbili hizo hazitoshi kwa 4K ya Hz 60, na utajikuta kwenye Hz 30. Doki za Thunderbolt hazina kizuizi hicho kwa namna hiyo, lakini zinahitaji tundu la aina hiyo kwenye kompyuta.

## Hatua ya 4: Fuata mwelekeo wa ishara

Hii ndiyo hatua inayoharibu kazi nyingi kuliko nyingine zote, kwa hiyo nitakaa nayo.

Picha ina mtumaji na mpokeaji. HDMI na DisplayPort huipanga picha kwa lugha mbili tofauti kabisa. Anayetuma kwa lugha moja haeleweki kwa mpokeaji wa lugha nyingine mpaka awepo mkalimani. Sasa, matundu mengi ya DisplayPort kwenye kompyuta yana ujuzi wa ziada: yakihisi adapta ya HDMI, hubadili lugha yenyewe na kuanza kutuma HDMI. Uwezo huo huandikwa DP++. Ndiyo maana adapta ya kutoka DisplayPort kwenda HDMI inaweza kuwa rahisi na ndogo: kompyuta yenyewe ndiyo mkalimani, na adapta hurekebisha tu viwango vya volti.

Tundu la HDMI la kompyuta halina ujuzi huo. Haliwezi kutuma lugha ya DisplayPort hata ukilibembeleza vipi. Skrini yako ikibakiwa na tundu la DisplayPort tu na kompyuta ikawa na HDMI tu, unahitaji kigeuzi chenye chipu ndani yake, ambacho kwa kawaida huwa na mkia wa USB wa kuvutia umeme.

Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza jioni nzima kwa kosa hili. Nilinunua kebo yenye kichwa cha DisplayPort upande mmoja na HDMI upande wa pili, muuzaji akanihakikishia kwamba inafanya kazi pande zote. Vichwa viliingia bila shida. Nilibadilisha mipangilio, nikasakinisha upya draiva (programu inayoendesha kifaa), nikaanza kuishuku skrini. Usiku ndipo nilipoigeuza kebo, nikachomeka DisplayPort kwenye kompyuta nyingine na HDMI kwenye televisheni, na picha ikatokea papo hapo. Kebo ilikuwa nzima. Mimi ndiye niliyekuwa nikiisukuma picha kinyume cha njia yake.

Basi, kwa kila skrini, andika kwenye karatasi mstari mmoja: *kutoka tundu gani la kompyuta, kwenda tundu gani la skrini*. Kisha linganisha na orodha hii.

- HDMI kwenda HDMI, DisplayPort kwenda DisplayPort. Kebo ya kawaida. Hili ndilo chaguo bora kila linapowezekana.
- DisplayPort kwenda HDMI au DVI. Kebo au adapta rahisi, mradi tundu la kompyuta ni DP++. Kwa skrini za DVI zenye pikseli nyingi kuliko 1920 kwa 1200, unahitaji adapta yenye chipu.
- HDMI kwenda DVI, au DVI ya kidijiti kwenda HDMI. Kebo rahisi na hufanya kazi pande zote mbili, kwa kuwa lugha ya picha ni moja. Kinachobadilika ni umbo la kichwa. Usitegemee sauti.
- HDMI kwenda DisplayPort. Kigeuzi chenye chipu na umeme wa USB. Hakuna njia ya mkato.
- HDMI au DisplayPort kwenda VGA. Kigeuzi chenye chipu, kwa sababu namba lazima zigeuzwe kuwa volti za analogi. Umeme unaotoka kwenye tundu la HDMI ni mdogo, hivyo chagua chenye tundu la kuongezea umeme ikiwa picha huzimika.
- VGA kwenda HDMI. Kigeuzi chenye chipu, umeme wa USB, na waya wa pembeni wa sauti.
- DVI-I kwenda VGA. Kichwa rahisi kisicho na chipu. DVI-D haiwezi, na ndiyo sababu nilikuomba uvihesabu vile vitundu vinne.
- USB-C kwenda HDMI. Chipu imo ndani ya kichwa, na kazi yake ni ya upande mmoja tu: USB-C kwenye kompyuta, HDMI kwenye skrini.
- USB-C kwenda DisplayPort. Hakuna tafsiri inayohitajika, maana USB-C yenyewe hubeba DisplayPort. Kwa kompyuta mpakato mpya na skrini yenye DisplayPort, hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote.

*Tahadhari.* Usiunganishe adapta mbili mfululizo, kwa mfano USB-C kwenda HDMI na kisha HDMI kwenda DisplayPort. Kila kiungo huongeza mahali pa kushindwa, na skrini inaweza kushindwa kuitambulisha kompyuta idadi yake halisi ya pikseli.

Umefaulu ikiwa kila mstari wako una mshale mmoja na kifaa kimoja tu katikati.

## Hatua ya 5: Pima mzigo wa picha

Sasa unajua aina ya njia. Bado hujajua kama ni pana vya kutosha. Mzigo wa picha hutegemea idadi ya pikseli na idadi ya mara ambazo picha huchorwa upya kila sekunde, yaani Hz. Kwa rangi za kawaida, mahitaji ni takriban haya:

- pikseli 1920 kwa 1080, Hz 60: gigabiti 3.6 kwa sekunde;
- pikseli 2560 kwa 1440, Hz 60: gigabiti 5.8 kwa sekunde;
- pikseli 3840 kwa 2160, yaani 4K, Hz 60: kati ya gigabiti 12.5 na 14.3 kwa sekunde.

Na uwezo wa njia, baada ya kuondoa sehemu inayotumika kulinda ishara yenyewe, ni huu: HDMI 1.4 hupitisha takriban gigabiti 8.2, HDMI 2.0 hupitisha 14.4, DisplayPort 1.2 hupitisha 17.28, na DisplayPort 1.4 hupitisha 25.92. HDMI 2.1 na DisplayPort 2.0 zinavuka mbali hapo, na kwa skrini mbili za kazi za ofisini huzihitaji.

Linganisha namba hizo na mengi yataeleweka. Skrini ya 4K iliyounganishwa kwenye tundu la HDMI 1.4 itaonyesha picha, lakini kwa Hz 30 tu. Utalijua kwa kuutazama mshale wa kipanya: ukiuzungusha haraka, huruka kutoka mahali hadi mahali badala ya kuteleza, na dirisha ukiliburuta huacha hisia kwamba kompyuta imechoka. Watu huongeza kumbukumbu ya kompyuta kutibu hali hiyo, ilhali ugonjwa uko kwenye tundu.

Ukitumia kitovu cha MST, jumlisha mizigo ya skrini zote mbili, kwa kuwa zinagawana njia moja. Skrini mbili za 2560 kwa 1440 huhitaji takriban gigabiti 11.6, hivyo zinatosha kwenye DisplayPort 1.2. Skrini mbili za 4K kwa Hz 60 hazitoshi humo.

Kikomo cha mnyororo mzima huwekwa na kiungo chake dhaifu kuliko vyote: tundu la kompyuta, adapta, kebo, au tundu la skrini. Skrini nyingine zina matundu mawili ya HDMI yenye matoleo tofauti, kwa hiyo soma kitabu chake kabla ya kuchagua la kuchomeka.

## Hatua ya 6: Nunua

Pima njia ambayo kebo itapita, pamoja na mikunjo, na ongeza nusu mita. Usiongeze zaidi. Kwa 4K ya Hz 60 jitahidi kubaki ndani ya mita 2, na mita 3 iwe mwisho kwa kebo ya shaba isiyo na chipu. Kwa pikseli 1920 kwa 1080, mita 5 za HDMI nzuri kwa kawaida hazina tatizo.

Kwa HDMI, soma daraja lililoandikwa kwenye pakiti badala ya namba ya toleo. Premium High Speed imethibitishwa kwa gigabiti 18 kwa sekunde, inayotosha 4K ya Hz 60. Ultra High Speed imethibitishwa kwa 48. Kwa DisplayPort, kebo zilizothibitishwa huandikwa DP8K, DP40 au DP80. Adapta yenye chipu mara nyingi huandikwa Active, na isiyo na chipu Passive.

Dhahabu iliyopakwa kwenye vichwa haiongezi uzuri wa picha ya kidijiti. Data ikifika nzima, picha ni ileile kutoka kebo ya bei ndogo na ya bei kubwa. Isipofika nzima, utaona vumbi la nukta zinazometameta au kioo kuzimika kwa sekunde moja mbili. Rangi hazipauki kwa ajili ya kebo ya kidijiti. Hilo ni jambo la VGA peke yake.

*Tahadhari kuhusu kebo za DisplayPort zisizofuata kanuni.* Pini ya 20 ya tundu hubeba volti 3.3 kwa ajili ya kuzipa umeme adapta. Kwenye kebo ya kawaida ya DisplayPort kwa DisplayPort pini hiyo haipaswi kuunganishwa, lakini kebo mbovu huiunganisha, na umeme wa skrini hurudi kwenye kompyuta. Dalili yake ni kompyuta iliyozimwa kubaki na taa ndogo inayong'aa ndani, au kugoma kuwaka mpaka uchomoe kebo. Ukiiona, acha kuitumia kebo hiyo mara moja.

Kwa kompyuta mpakato, chagua adapta yenye mkia mfupi wa waya badala ya kipande kigumu kinachoning'inia. Kipande kigumu pamoja na uzito wa kebo ya HDMI hulikandamiza tundu la USB-C kila siku mpaka lilegee, na kulitengeneza tundu hilo ni kazi kubwa.

## Hatua ya 7: Unganisha, moja baada ya nyingine

Zima vifaa kama unatumia VGA. HDMI, DisplayPort na USB-C zinaweza kuchomekwa kompyuta ikiwa inafanya kazi. Anza na skrini moja tu. Ukianza na zote mbili na moja ikakataa, hutajua ipi inasumbua ipi.

Baada ya kuchomeka, fungua menyu ya skrini yenyewe kwa vitufe vyake na uchague ingizo ulilotumia. Skrini nyingi hukwama kwenye ingizo la zamani na kutangaza kwamba hakuna ishara wakati ishara imo kwenye tundu la jirani.

Picha ikitokea, chomeka ya pili. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, kisha chagua kupanua badala ya kunakili. Fungua mipangilio ya skrini, buruta vile visanduku viwili vinavyowakilisha skrini hadi vilingane na jinsi skrini zinavyokaa mezani, weka idadi ya pikseli inayopendekezwa kwa kila moja, na uthibitishe Hz katika sehemu ya mipangilio ya kina. Kwenye macOS, mambo hayo yote yako kwenye sehemu ya skrini ndani ya mipangilio ya mfumo.

Umefaulu ikiwa mshale unavuka kutoka skrini moja hadi nyingine bila kugonga ukuta, maandishi yana kingo safi, na kila skrini inasoma pikseli na Hz ulizoziandika katika hatua ya tano.

*Tahadhari.* Vichwa vingi vya DisplayPort vina ndoano mbili ndogo za chuma. Bonyeza kitufe kilicho juu ya kichwa hadi mwisho kabla ya kuvuta. Anayevuta kwa nguvu hung'oa tundu pamoja na kebo.

## Hatua ya 8: Ikikataa, badilisha kitu kimoja tu kwa wakati

Chukua kebo inayofanya kazi kwenye skrini ya kwanza uipeleke kwenye ya pili. Picha ikitokea, kosa ni la kebo au adapta uliyoiondoa. Isipotokea, hamisha sasa tundu la kompyuta. Kwa mabadiliko mawili au matatu utakuwa umemkamata mkosaji, na hukuhitaji kugusa draiva.

Kioo cheusi tangu mwanzo huashiria mwelekeo usio sahihi, ingizo lisilochaguliwa au USB-C isiyobeba picha. Kioo kinachozimika na kurudi huashiria kebo ndefu mno, dhaifu, au adapta yenye njaa ya umeme. Shusha Hz kutoka 60 hadi 30 kwa muda, na kama tatizo linatoweka, umejua kwamba njia imezidiwa. Kingo za picha zilizokatwa hutokea zaidi kwenye televisheni, na hurekebishwa kwenye menyu yake kwa kuchagua ukubwa halisi wa picha. Ukungu kwenye VGA mara nyingi huondoka kwa kubonyeza kitufe cha kujirekebisha kilicho kwenye skrini. Sauti ikipotea, chagua upya kifaa cha sauti kwenye kompyuta, kwa sababu mifumo mingi huihamishia kwenye skrini mpya bila kukuuliza, hata kama skrini hiyo haina spika.

Vyote vikishatulia, chukua vile vibandiko. Andika kwenye kila kichwa jina la tundu lake, na kwenye kila adapta yenye chipu chora mshale unaotoka upande wa kompyuta kuelekea upande wa skrini.